Jinsi ya Kuandika Kumbukumbu za Mwanajeshi Aliyetua Ufukweni Vitani

Mwongozo huu unawalenga wakazi wa Nairobi walio na jamaa aliyewahi kushiriki shambulio la kutoka baharini, na wanaotaka simulizi yake iandikwe kabla haijapotea. Kwa Wakenya, mashambulio mawili ndiyo yanayotajwa zaidi. Moja ni lile la Kismayu, mji wa bandari wa Somalia, la tarehe 28 Septemba 2012, ambapo Jeshi la Ulinzi la Kenya liliteremsha wanajeshi ufukweni kaskazini mwa mji huo na kuanza kuwang'oa al-Shabaab kutoka bandari waliyokuwa wakiitegemea kwa mapato. La pili ni la Madagaska mwaka 1942, ambalo wazee wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Afrika Mashariki chini ya ukoloni wa Waingereza) walilihadithia nyumbani kwa miaka mingi, na ambalo sasa limebaki katika barua, picha na kanda za familia. Nitakaa zaidi na la kwanza, kwa sababu msimulizi wake bado yupo na anaweza kuulizwa.

Jambo la kuelewa kabla ya kuuliza swali lolote ni kwamba mwanajeshi anayetua ufukweni haoni vita. Anaona mgongo wa mwenzake, ukingo wa mashua na kipande kidogo cha mchanga. Idadi ya meli, jina la kamanda na sababu za kisiasa zimeshaandikwa kwingine, na ukimuuliza habari hizo atakurudishia yale aliyoyasikia redioni baada ya kurudi nyumbani. Swali la "vita vilikuwaje?" ndilo baya kuliko yote. Linamlazimisha atoe muhtasari, na muhtasari anao tayari, kwa kuwa ameshautoa kwa majirani, kwa shemeji zake na kanisani. Wewe unatafuta yale ambayo hakuna mwingine aliyekuwa mahali pa kuyaona.

Anza na ridhaa, na iwe ya maandishi hata kama msimulizi ni baba yako mzazi. Mwelezeni pamoja nani atasikiliza, nani atasoma, na kama jina lake litatajwa. Sheria ya kulinda siri za serikali, Sura ya 187 ya Sheria za Kenya, haikomi mtu anapovua sare, kwa hiyo kubalianeni mapema kwamba hamtaingia katika masafa ya redio, uwezo wa silaha, mbinu ambazo huenda bado zinatumika, wala majina ya wenzake walio kazini. Katazo hili halikupunguzii mengi, kwa maana mambo yanayofaa kuhifadhiwa katika simulizi ya namna hii ni yale ya mwili na ya moyo, ambayo hayana siri ya kijeshi ndani yake.

Kuhusu vifaa, simu ya kawaida inatosha ikiwekwa karibu na msimulizi juu ya kitambaa kilichokunjwa, na ikizimiwa mtandao ili isiite katikati ya sentensi. Kinachoharibu rekodi za Nairobi ni mahali penyewe. Nyumba iliyo kando ya barabara ya matatu haifai mchana, na chumba chenye paa la mabati hakifai wakati wa mvua. Asubuhi ya Jumapili, watu wengine wakiwa ibadani, mitaa mingi hutulia vya kutosha. Usirekodi usiku, na sababu yake nitaieleza baadaye.

Sasa maswali. Mwanzishe ndani ya mashua, kabla ya ufukwe, kwa sababu muda wa kungoja ndio anaoukumbuka kwa utaratibu zaidi. Aliketi upande gani? Nani alikuwa mbele yake, na nani nyuma? Alibeba nini, na mzigo ulimkaza wapi? Alikula nini mara ya mwisho, na chakula kilikaa tumboni? Wengi waliokulia bara hawakuwa wamezoea bahari, na kichefuchefu pamoja na harufu ya dizeli huenda vikachukua nafasi kubwa katika kumbukumbu zao kuliko risasi. Usimharakishe apite hapo ati unataka afike kwenye mapigano.

Akifika kwenye kushuka, muulize maji yalimfika wapi: kifundoni, gotini au kiunoni. Swali hilo ni dogo lakini lina faida nyingi, kwa maana likijibiwa hufuatwa na mengine yenyewe: kama aliinua bunduki juu ya kichwa, kama buti zilijaa maji, alitembea vipi mchangani buti zikiwa zimelowa, na alizivua lini. Muulize sauti ya kwanza aliyoisikia baada ya injini ya mashua. Muulize alilala chini mahali gani, na alikuwa amekikazia macho kitu gani. Akisema "hapo tulisonga mbele," mrudishe kwa upole: wewe mwenyewe ulisonga vipi, kwa kutambaa au kwa kukimbia, na nani alikwambia inuka?

Kuna zoezi moja ambalo naliona bora kuliko maswali yote. Mpe karatasi kubwa na kalamu, umwombe achore ufukwe jinsi alivyouona akitokea majini, bahari ikiwa upande wa kifua chake na nchi kavu ikipanda kuelekea juu ya karatasi. Usimpe ramani iliyochapishwa, wala usimwambie kaskazini ni wapi. Ramani itamfanya asahihishe kumbukumbu yake ili ilingane nayo, ilhali kalamu mkononi itamrudisha alikokuwa. Acha simu iendelee kurekodi anapochora, kwani maneno anayoyasema akiwa ameinamia karatasi hutoka bila ya kupangwa: "hapa palikuwa na kichaka, hapana, kilikuwa huku, kwa sababu jua lilinipiga jicho hili." Mwishoni aweke tarehe na sahihi, kisha upige picha karatasi hiyo.

Baada ya hapo ndipo unapohakikisha, na bahari yenyewe hukusaidia. Kalenda ya mwezi ya mwaka wowote hupatikana bure mtandaoni. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 30 Septemba 2012, kwa hiyo usiku wa Kismayu ulikuwa na mbalamwezi kubwa, na maji yalikuwa yakielekea bamvua, yaani wakati yanapojaa sana na kupwa mbali sana. Msimulizi akisema palikuwa na giza totoro, usimbishie wala usimfute. Siku mbili kabla ya kupevuka, mwezi hutua mnamo saa kumi alfajiri, kwa hiyo huenda anakumbuka saa ya mwisho ya usiku, au palikuwa na mawingu. Andika alichokisema kama alivyokisema, kisha weka maelezo yako kando, katika safu nyingine au kwa wino wa rangi nyingine, ili msomaji ajue ipi ni sauti ya shahidi na ipi ni yako. Mkivichanganya viwili hivyo, hakuna atakayeweza kuvitenganisha tena.

Familia za Keya zina kazi tofauti, kwa kuwa shahidi hayupo wa kuulizwa. Hapo unahitaji kwanza kujua babu aliingia katika hatua ipi ya vita. Waingereza walishuka karibu na Diego Suarez, bandari ya kaskazini mwa Madagaska, tarehe 5 Mei 1942, wakiihofia Japani isije ikaitumia bandari hiyo iliyokuwa mikononi mwa serikali ya Ufaransa ya Vichy, iliyoshirikiana na Ujerumani. Majunga, bandari ya pwani ya magharibi, ilishambuliwa tarehe 10 Septemba mwaka huo. Ufukwe ulichukuliwa na Brigedi ya 29 ya Uingereza, kisha Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na kikosi cha 5 cha Keya kutoka Kenya, ikashika njia ya kuelekea Antananarivo, mji mkuu, ulioingiwa tarehe 23 Septemba. Kwa hiyo barua au kanda ikimtaja babu akiwa miongoni mwa wa kwanza kuruka majini pale Majunga, ichunguze kwa makini kabla ya kuichapisha. Yawezekana alishuka bandari ikiwa imeshatekwa, na taabu yake kubwa ikawa barabara yenye madaraja yaliyovunjwa na vizuizi vya mawe na magogo. Hilo halimpunguzii heshima hata kidogo. Usiku wa Majunga, kinyume na ule wa Kismayu, ulikuwa wa mwezi mwandamo, hivyo giza likitajwa ni la kuaminika.

Shajara rasmi za majeshi ya Uingereza yaliyopigana Madagaska zimehifadhiwa London, katika hifadhi ya taifa iliyoko Kew, chini ya alama WO 174. Hapa Nairobi, anza na Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, kwa majalada ya utawala wa kikoloni. Ikiwa jamaa hakurudi, nenda makaburi ya vita ya Ngong Road, ambako mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki una majina ya waliokufa bila kaburi linalojulikana, wakiwemo wa Madagaska na wale waliozama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944 wakisafirishwa kutoka Mombasa kwenda Ceylon (Sri Lanka ya leo). Familia nyingine huchanganya safari hizo mbili, kwa kuwa zote zilipitia baharini, na tarehe ya kifo ndiyo inayozitenganisha mara moja.

Turudi kwa msimulizi aliye hai. Kuna mahali atanyamaza. Hesabu kimyakimya hadi ishirini kabla ya kusema lolote, kwani mara nyingi jambo lenyewe liko nyuma ya kimya hicho. Lakini akianza kutetemeka, kutokwa na jasho, au kusimulia kana kwamba linatokea sasa, simamisha rekodi, umpe maji, mtoke nje mtembee. Usimwachie sentensi hiyo aende nayo kitandani, na ndiyo sababu nimekataza mahojiano ya usiku. Hakikisha mke wake au mtoto wake mkubwa anajua siku mliyozungumza, na uwe na namba ya mshauri nasaha mliyokubaliana naye kabla ya kuanza.

Unapoandika kutoka kwenye rekodi, acha maneno ya kambini yabaki: afande, platuni, doria, lindo. Usimsafishie Kiswahili chake. Saa ziandike kwa namna mbili, jinsi alivyozitaja na kwa saa ishirini na nne za kijeshi, ili "saa nane usiku" isije ikasomwa na mjukuu kuwa 20:00. Kisha msomee nakala yote kwa sauti. Anachotaka kiondolewe, kiondoe bila ya kumdai sababu. Anachosahihisha, kiandike pembeni na tarehe ya masahihisho, huku maneno ya kwanza yakibaki yalipo. Nakala moja ya sauti na picha ya mchoro ikae kwake, nyingine kwako, na ya tatu nje ya mji kwa ndugu mwenye nyumba kavu, kila moja ikiwa na jina la faili linaloanza na mwaka.