SOMO: Vifaa vya nakshi za misahafu (tazhibu), ununue nini kwanza na nini kisubiri

Assalamu alaykum wadau, na habari zenu wote. Inboksi imejaa maswali ya vifaa vya tazhibu, yani zile nakshi za maua na dhahabu zinazozunguka maandishi kwenye misahafu ya zamani na kwenye kazi za khati (sanaa ya mwandiko wa Kiarabu), nikaona badala ya kujibu mmoja mmoja niweke hapa tumalizane. Nafuata mtindo wa Kituruki maana ndo niliojifunza na vifaa vyake kuagiza ni rahisi, ila sanaa yenyewe si ya Waturuki peke yao, hata UNESCO walipoiandikisha kwenye orodha ya urithi mwaka 2023 waliiandikisha kwa nchi tano kwa mpigo: Uturuki, Iran, Azerbaijan, Tajikistan na Uzbekistan.

Niseme hili kabla sijaanza. Dhahabu inakuja mwisho. Kila anayeanza anakimbilia dhahabu, anamaliza pesa yote hapo, alafu anaipaka kwa brashi ya watoto wa shule juu ya karatasi ya fotokopi, sa unategemea nini? Pesa ya kwanza brashi, ya pili karatasi, ya tatu rangi, na dhahabu uiguse ukishaweza kuvuta mstari mmoja mwembamba mpaka mwisho bila mkono kutetemeka.

HATUA YA 1: BRASHI

Hapa usibane. Brashi inayotakiwa ni ya nywele za kolinsky, huyo ni mnyama wa jamii ya kicheche anayeishi huko Siberia na kaskazini ya China, nywele zake zinabeba rangi nyingi na ncha inarudi yenyewe kila ukiinua mkono. Zinazotajwa sana ni Winsor & Newton Series 7, na Da Vinci nao wanazo nzuri. Mbili zinatosha kuanzia, moja namba 0 ya mistari ya pembeni na moja namba 2 ya kujaza. Najua wengi mnataka 000 au hata 00000 mkidhani ndo itatoa mstari mwembamba zaidi, lakini wembamba unatoka kwenye ncha, namba haihusiki, na brashi ndogo kupita kiasi inakauka kabla hujamaliza hata jani moja la ua, unakaa unachovya tu kutwa nzima.

Ukiwa dukani omba maji kwenye kikombe, ichovye, ikung'ute mara moja kwa nguvu. Ikikusanyika yenyewe ikawa na ncha moja kali, chukua, ikitoa ncha mbili kama ulimi wa nyoka irudishe hata kama bei imeshuka. Muuzaji akikataa maji, hamia duka lingine.

Nailoni nazo zipo na kwa mazoezi zinafaa kabisa, shida yao baada ya muda ncha inajikunja kama ndoano na hairudi tena. Kwaiyo nunua ukijua ni ya muda. Brashi ya dhahabu iwe peke yake, isiguse rangi nyingine. Osha kwa sabuni ya kipande na maji ya baridi, ichonge ncha kwa vidole, ilaze ikauke, usiisimamishe kichwa chini kwenye kikombe.

HATUA YA 2: KARATASI

Kwa anayeanza nenda na karatasi ya rangi za maji ya pamba asilimia 100, gramu 300, upande laini, kwenye lebo utaona herufi HP. Arches na Fabriano Artistico ndo watu wanazotumia. Ile yenye vipele vipele haifai, mstari unarukaruka. Kama mfuko haujakaa vizuri, bristol laini, yani ile karatasi ngumu ya kuchorea, inabeba mazoezi, ila manila ya stationari achana nayo, inakunywa maji na baada ya miaka michache inageuka njano na kukatika.

Sasa ukitaka karatasi ya kienyeji yenyewe, yenye rangi ya maziwa ya chai na inayoteleza chini ya brashi, hiyo unaitengeneza mwenyewe na ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kwanza unaipa rangi: chemsha majani ya chai mengi yakolee kweli, chuja, weka kwenye sinia, zamisha karatasi, itoe, ianike kivulini ikiwa imelala. Maganda ya vitunguu yanatoa njano, hina inatoa kahawia laini. Choya msijaribu, inapendeza siku hiyo hiyo alafu rangi inapotea.

Ikikauka unaipaka kinga, Waturuki wanaiita ahar. Chukua ute mweupe wa mayai, kiini weka pembeni upikie, tia kipande cha shabu, namaanisha lile jiwe jeupe linalouzwa kwenye maduka ya dawa za asili, koroga kwa kulizungusha hilo jiwe lenyewe mpaka povu lijae, endelea mpaka lianze kuvunjika liwe maji maji, acha litulie, chuja kwa kitambaa chepesi. Paka kwa sponji kwa mkono mwepesi, ikauke, paka tena mara ya pili kwa kukatisha. Ndani ya wiki moja hivi uisugue kwa jiwe laini, ukichelewa ule ute unakakamaa na ukija kusugua unapasuka. Jiwe zuri ni akiki, lakini kauri kubwa ya baharini inafanya kazi ile ile, na mafundi wa Istanbul wa zamani nao walikuwa na kisugulio cha kombe la baharini, kwaiyo watu wa pwani hapo hamna kisingizio. Baada ya hapo karatasi inapumzishwa miezi, wenyewe wanasema mwaka, ndipo inakuwa tayari. Anayetaka kuanza leo anunue Arches.

Angalizo kwa wanaokaa pwani: unyevu wetu na ute wa yai ni karamu ya mende na wadudu wa vitabu. Hifadhi sehemu kavu, imefungwa, na uwe unafungua kuangalia.

HATUA YA 3: RANGI

Guashi. Si rangi za maji za kawaida, maana hapa unataka rangi nzito iliyofunika, tambarare, isiyoonyesha njia ya brashi. Tyubu tano zinatosha: buluu ya ultramarini, nyekundu, njano ya udongo, nyeupe na nyeusi. Kijani changanya mwenyewe. Nyeupe nunua tyubu kubwa, inaisha haraka kuliko zote. Angalia nyota au herufi za uimara kwenye jua pembeni ya tyubu, zile pinki kali zinazowaka nyingi zinafifia.

Ile buluu nzito unayoiona kwenye kurasa za Herat na Istanbul ikikaa pembeni ya dhahabu, zamani ilisagwa kutoka lazuli, jiwe la Badakhshan huko Afghanistan. Tangu miaka ya 1820 Wafaransa walipoweza kuitengeneza kiwandani, tyubu ya ultramarini inakupa karibu kila kitu. Kuna wanaotafuta rangi za mawe za asili eti ndo sunna ya mafundi, sawa, lakini mjue nyekundu ya zamani ilikuwa na zebaki, njano ilikuwa na aseniki, nyeupe ilikuwa ya risasi. Hizo sishauri mtu anayefanyia kazi mezani pa kulia chakula na watoto wanapita. Na hata guashi ya kawaida, tabia ya kulainisha ncha ya brashi mdomoni iacheni.

Rangi za mabango za shule zinapasukapasuka zikikauka. Akriliki inaua brashi.

HATUA YA 4: DHAHABU

Haya, mmesubiri. Dhahabu halisi inauzwa kwa vijitabu vya karatasi 25 za sentimita 8 kwa 8, karati 23 au 24. Ni nyembamba mno, kijitabu kizima hakifiki nusu gramu. Ukiona kifurushi cha karatasi 100 kubwa za sentimita 14 kwa bei ya chakula cha mchana, hiyo ni shaba na zinki, itakuwa nyeusi au kijani baadae, na ikigusa msahafu wa mtu utatafutwa.

Kuitengeneza iwe rangi: zima feni, funga dirisha, wala msicheke karibu maana karatasi moja ikiruka ndo imekwenda. Weka gundi ya mgunga nzito au asali safi kwenye sahani ya kaure, chukua karatasi ya dhahabu kwa ncha ya kidole, isage kwa kuzungusha, ikipotea ongeza nyingine. Ni kazi ya masaa, sio dakika, na kadri unavyosaga ndo inavyokuwa laini. Ukimaliza mimina maji, suuza vidole humo humo, chuja kwa kitambaa cha hariri kwenye glasi, acha ilale usiku kucha. Asubuhi dhahabu imekaa chini, mwaga maji taratibu, kausha kwa joto la chini.

Wakati wa kupaka unailainisha na maji ya gelatini mepesi sana, ncha ya kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya moto inatosha. Ikizidi dhahabu inafifia na haikubali kung'arishwa, ikipungua inatoka na kidole. Ikikauka sugua kwa akiki, ukitaka ing'ae sugua moja kwa moja, ukitaka ya utulivu weka karatasi laini katikati.

HATUA YA 5: VIDOGO VIDOGO

Penseli ngumu (2H), bikari nzuri isiyolegea, rula ya chuma, tresing pepa, sindano na unga wa mkaa kwa ajili ya kuhamisha mchoro: unatoboa mistari kwa sindano, unapitisha mkaa juu, vitone vinabaki kwenye karatasi yako. Kalamu ya kupigia mistari ile yenye skrubu, ukiipata chukua. Taa nyeupe.

MASWALI YA WADAU

Swali: Shikamoo mwalimu. Mtaani kwetu kuna sonara, naweza kumuomba yale mavumbi ya dhahabu anayofagia nikasage?

Marahaba kijana. Hapana. Yale ni chembe nene, na dhahabu ya mapambo imechanganywa na shaba au fedha, hata usage mpaka Idi haitalainika, itakaa kwenye karatasi kama mchanga. Ile ya kijitabu imepondwa mpaka ikawa nyembamba hivyo ndo maana kidole kinaiweza. Mavumbi ya sonara mwachie mwenyewe, anayahesabu.

Swali: Ustadhi gelatini si ya nguruwe? Na hizo brashi je?

Gelatini ipo ya ng'ombe na ya samaki, soma lebo, isiposema imetokana na nini usinunue. Ukitaka kuondoa wasiwasi kabisa tumia gundi ya mgunga nyepesi, inashika vizuri tu. Brashi za nywele za nguruwe zipo kweli, zile ngumu za rangi za mafuta, nazo kwa kazi hii hazifai hata kidogo. Kuhusu nywele za kolinsky hukumu yake muulize sheikh wako, mimi fundi tu, na kama moyo hautulii nailoni ipo.

Swali: Kaka mi sina bajeti ya dhahabu kabisa, kuna mbadala wa heshima?

Kuna vidonge vya rangi ya dhahabu vya maika (madini yanayometameta), Coliro ni mmoja wapo, zamani wakiitwa Finetec. Sio dhahabu lakini maika haibadiliki rangi kama unga wa shaba, unapaka kwa maji tu. Kwa mazoezi na kazi za ukutani poa kabisa. Ila ukimuuzia mtu mwambie ni maika.

Swali: Mimi wa Lamu. Misahafu ya wazee wetu mbona sijaona dhahabu humo, na bado ni mizuri?

Umeuliza la maana dada. Misahafu iliyonakiliwa Siyu, kisiwani Pate, karne ya 18 na 19, inajulikana kwa nyeusi, nyekundu na manjano, basi, kwenye karatasi zilizoingia kutoka Ulaya. Uzuri wake uko kwenye mpangilio, mafundo na mipaka inayojirudia. Mtu akitaka kuanzia hapo anahitaji tyubu tatu na brashi moja, na mi naona ni shule nzuri kuliko kuiga Istanbul moja kwa moja, maana huna dhahabu ya kufichia mstari mbaya. Nenda makumbusho ya Lamu na daftari lako, uliza kama wanaruhusu kuchora.

Swali: Vifaa tunapata wapi sisi wa Dar?

Guashi na Arches unaweza kubahatisha kwenye maduka ya sanaa mjini, brashi za kolinsky na dhahabu ni mpaka kuagiza. Ila mnao ndugu wa Kariakoo wanaokwenda Istanbul kufunga mzigo wa nguo, mpe mmoja hela ya kijitabu na brashi mbili, vinaingia mfuko wa shati. Mwambie brashi aziache ndani ya vile vimirija vyake vya plastiki na asikubali kijitabu kisichoandikwa karati.