Jinsi ya Kuwa Mchezaji wa Kulipwa wa Diski Gofu Ukianzia Nairobi

Kijana wa Finland anayetaka kuishi kwa diski gofu hukuta viwanja vipo, wapinzani wapo na kalenda ya mashindano imekwisha kupangwa. Wewe wa Nairobi huna hayo, na ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na namna ya kurusha. Unaanza na kikapu, kisha watu, kisha hesabu za fedha. Umbali wa mrusho, ambao kila anayeanza huuwazia usiku kucha, nimeuweka nyuma kwa makusudi.

Kwa asiyeujua mchezo, mchezaji hurusha diski, yaani kisahani bapa cha plastiki, kutoka mahali pa kuanzia hadi itue ndani ya kikapu cha chuma chenye minyororo, kwa mirusho michache iwezekanavyo, na hurudia hivyo kwa mashimo ambayo kwa kawaida ni 18, neno shimo likiwa ni urithi wa gofu tu kwani hakuna kinachochimbwa. Ed Headrick, Mmarekani aliyebuni kikapu hicho katika miaka ya 1970, ndiye aliyeanzisha mwaka 1976 chama cha PDGA, ambacho hadi leo husimamia kanuni, viwango vya vifaa na alama za wachezaji.

Kuagiza kikapu cha kiwandani kutoka ng'ambo ni ghali kwa sababu ya uzito wake, lakini mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanaweza kukutengenezea cha mazoezi kwa nondo, bomba na minyororo, mradi uwapelekee mchoro wenye vipimo badala ya picha ya simu. Mimi nilipeleka picha. Fundi, kwa nia njema ya kunipa kitu cha kudumu, alitumia minyororo minene ya kufungia mageti, akaikaza juu na chini, na diski yangu ya kwanza iliigonga ikanirudia miguuni. Kazi ya minyororo ni kuumeza mwendo wa diski, si kuuzuia. Kwa hiyo iwe miepesi, ining'inie kwa ulegevu, na iwe safu mbili, ili diski inayoipenya safu ya nje ikamatwe na ya ndani kabla haijatokea upande wa pili wa nguzo.

Kiweke kikapu uani au kwenye maegesho ya ploti, pima kwa kamba, na uchore alama za chaki kwenye mita 4, 6, 8 na 10. Alama ya mita 10 ina uzito wake: kwa kanuni za PDGA, anayerusha kutoka ndani ya umbali huo lazima aonyeshe kwamba ameumudu mwili wake nyuma ya alama ya mahali diski ilipotua kabla hajasogea kukielekea kikapu, na anayejikwaa mbele huongezewa mrusho wa adhabu. Rusha mara 25 kutoka kila alama kila jioni, ukisimama kidogo baada ya kila mrusho kana kwamba mwamuzi anakutazama, na uandike daftarini zilizoingia. Usijipe zaidi ya sekunde 30 kwa mrusho mmoja, kwa kuwa ndizo kanuni inazokupa. Majirani watalalamika, kwani minyororo ina kelele kuliko unavyodhani. Mimi nilipatana na mlinzi wa ploti yetu kwamba ifikapo saa mbili usiku kikapu kinyamaze, na yeye ndiye aliyekuja kuwa mhesabu wangu mkali kuliko wote. Ninachosisitiza ni kwamba daftari hilo litakuambia ukweli mapema kuliko mashindano: ukiwa bado unakosa nusu ya mirusho ya mita 6, hakuna mrusho wa mita 120 utakaokuokoa.

Kuhusu diski zenyewe, tatu zinatosha kwa mwaka wa kwanza: moja ya kutupia kikapuni, moja ya masafa ya kati na moja ya masafa marefu yenye kasi ndogo. Juu ya diski nyingi huchapishwa namba nne, yaani kasi, kuelea, kugeuka na kumalizia. Kwa anayerusha kwa mkono wa kulia huku mkono ukianzia upande wa kushoto wa mwili, kugeuka ni kule kuelekea kulia diski ingali na kasi, na kumalizia ni kule kupinda kushoto inapoishiwa nguvu. Uzito una mpaka: kanuni huruhusu gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, hivyo diski ya sentimita 21.2 haipiti takriban gramu 176. Anayeanza na anunue nyepesi kuliko hiyo, kwa kuwa huruka kwa nguvu kidogo. Ukiagiza kutoka nje, uliza kwanza kuhusu ushuru wa forodha, maana kifurushi cha diski tatu kinaweza kukugharimu kama cha tano.

Hapa kuna jambo ambalo miongozo iliyoandikwa nchi za tambarare haitakuambia. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani, na diski iliyonyimwa hewa hugeuka kidogo na kupinda kushoto mapema. Nilifanya mazoezi mwaka mzima nikiamini kuwa diski yangu moja hunyooka kama rula. Nilipoenda nayo Mombasa nikairusha ufukweni Nyali kuelekea kaskazini, ilinyooka kwa mita thelathini hivi, ikaanza kulala upande wa kulia, ikaendelea kulala, na ikatua baharini. Mrusho haukuwa na kasoro. Hewa ndiyo iliyokuwa mpya. Kwa hiyo chagua zinazogeuka kwa urahisi kwa ajili ya Nairobi, uwe na nyingine zisizogeuka kwa urahisi kwa ajili ya pwani na ng'ambo, na usiseme unaifahamu diski hadi uwe umeirusha katika hewa zote mbili.

Mahali pa kurushia panahitaji kibali. Msitu wa Karura uko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya na bustani za jiji ziko chini ya mamlaka zake, kwa hiyo usisimamishe kikapu popote kwa kudhani hakuna atakayeuliza. Omba kwa barua, eleza kuwa vikapu vinahamishika, na taja saa za asubuhi ambazo watu ni wachache, kwani diski ngumu ya gramu 170 ikimpata mtu kichwani itakuwa imeumaliza mchezo wako jijini kabla haujaanza. Viwanja vya shule mwishoni mwa wiki ni rahisi zaidi kupata, hasa ukijitolea kuwafundisha wanafunzi. Masika na vuli, beba vitambaa viwili vikavu: udongo mwekundu ukiingia chini ya ukingo wa diski, vidole huteleza na mrusho huenda usikojua.

Sasa watu. Alama za kiwango cha mchezaji, ambazo 1000 ndiyo ngazi ya kupimia wachezaji hodari na zile za wanaume walio kileleni hupita 1030, hukokotolewa kwa kulinganisha mirusho yako na ya wengine wenye alama tayari katika shindano lililoidhinishwa na PDGA. Ukicheza peke yako, hata vizuri namna gani, huna alama. Njia iliyopo ni kuunda klabu, kuisajili kwa Msajili wa Michezo kwa mujibu wa Sheria ya Michezo ya mwaka 2013, kuwatafuta wachezaji wenye alama wanaoishi au wanaopitia nchini, na kuandaa mashindano madogo yaliyoidhinishwa. Wachezaji wa alitimeti, mchezo wa timu wa kupasiana diski, wa Nairobi ndio wa kuanza nao, maana mkono wao umekwisha kuizoea diski. Kuwa mchezaji wa kulipwa kwenyewe hakuna sherehe: ukipokea fedha za zawadi katika daraja la kulipwa, umekuwa.

Kula kwa hizo fedha ni suala jingine. Mwaka 2021 Paul McBeth wa Marekani alitia saini na kampuni ya Discraft mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 10, na habari hiyo imewapoteza wengi, kwani wengi wa wanaozunguka na mashindano hulipia safari zao kwa mchanganyiko wa zawadi, sehemu ya mauzo ya diski zenye majina yao, na ada za kufundisha. Mfano ulio karibu nasi zaidi, kwa maoni yangu, ni Kristin Tattar, bingwa wa dunia wa mwaka 2022 na 2023, anayetoka Estonia, nchi yenye watu takriban milioni 1.3. Mdhamini ukimwendea, usimpelekee ndoto. Mpelekee daftari la mirusho, alama zako na idadi ya watoto uliowafundisha. Na usiache kazi yako hadi mapato ya kufundisha yaweze kulipa kodi ya nyumba kwa miezi sita mfululizo.

Safari ya kwanza iwe ya Ulaya wakati wa kiangazi chao, kwa sababu viza moja ya Schengen hukufikisha Finland, Estonia na Sweden, ila kumbuka kuwa ukomo wake ni siku 90 katika kila siku 180. Anza kuishughulikia miezi mingi kabla, ukiwa na barua ya waandaaji na risiti ya kujisajili. Fika siku nne kabla ya shindano, na mbili za kwanza usihesabu alama yoyote: nenda uwanja mtupu na diski zako zote, uzirushe moja moja, na uandike upya daftarini ni ipi sasa inayogeukia kulia.