Jinsi ya kujipima presha nyumbani ukiwa mjamzito

Juzi kliniki aliingia mama wa miezi saba akihema, mkoba begani, simu sikioni. Alikuwa ameshuka matatu akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Mwanafunzi wangu akamfunga mkanda juu ya sweta papo hapo: 148/96. Nikamwambia mama aende kwanza haja ndogo, avue sweta, kisha akae kimya. Baada ya dakika kumi ilisoma 124/80.

Mimi ni mkunga hapa Nairobi, na siku hizi kina mama wengi wananiletea namba walizojipima wenyewe. Nafurahi, ila nusu ya namba hizo ni za ngazi na chai. Fanya hivi.

1. Mashine

Chukua ya kufunga mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono. Kabla ya kulipa, pima mzunguko wa mkono wako kwa tepu ya fundi nguo, katikati ya bega na kiwiko, kisha soma saizi iliyoandikwa kwenye mkanda. Mikanda mingi inayokuja na boksi ni ya sentimita 22 hadi 32. Mkono wako ukiwa mnene kuliko hapo, mkanda huo utakupa presha usiyokuwa nayo. Muulize muuzaji kama mashine imehakikiwa kwa wajawazito. Akibabaika, tafuta duka lingine. Ukishanunua, nenda nayo kliniki, nesi akupime kwa yake na kwa yako.

2. Mwili utulie

Nusu saa kabla, usinywe chai wala kahawa. Kojoa, maana kibofu kilichojaa hupandisha presha. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, si ukingoni mwa kitanda, nyayo zote sakafuni, miguu usiipandanishe. Kunja khanga uiweke mezani, mkono ulale juu yake ukiwa usawa wa moyo. Halafu dakika tano za kimya. Hapa ndipo wengi wanashindwa: jirani amekuja kuomba chumvi, simu inalia. Chumvi itolewe baadaye.

3. Kupima

Mkanda ukae kwenye ngozi, vidole viwili juu ya kiwiko. Usikunje mkono wa blauzi ukaubana juu yake. Bonyeza, usiongee hata neno. Ngoja dakika moja, rudia. Asubuhi na jioni, mkono ule ule.

4. Kuandika

Tarehe, saa, namba zote mbili za kila kipimo. Nimeona daftari lenye 120/80 wiki nzima bila kubadilika, na mwenyewe akakiri kwamba alikuwa anaandika zile alizozipenda. Ukija nalo pamoja na kijitabu cha mama na mtoto, naweza kuona presha inavyopanda polepole, kitu ambacho kipimo kimoja cha kliniki hakinionyeshi.

5. Kusoma namba

Namba ya juu ikifika 140, au ya chini 90, hata moja tu kati ya hizo, pumzika na urudie. Ikibaki pale pale, kliniki siku hiyo hiyo, na mkojo upimwe protini. Ikifika 160 juu au 110 chini, ni hospitali sasa hivi, hata kama unajisikia mzima. Presha ya mimba inaweza kupanda bila kukuuma popote.

Kuna dalili zinazoishinda mashine: kichwa kinachouma bila kupoa, kuona nyota au ukungu, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, kupumua kwa shida, uso kuvimba ghafla. Miguu kuvimba jioni ni kawaida kwa wengi. Ila pete iliyopita kidoleni jana na leo imekwama, hiyo nataka kuiona. Ukiwa na dalili hizi usikae kungoja mashine ikubaliane nawe. Kinachofuata kinaweza kuwa kifafa cha mimba.

Panga mapema utakavyofika hospitali usiku. Geti la ploti likifungwa, ufunguo uko kwa nani? Nani ana gari, na atashika simu saa nane usiku?

6. Dawa

Usimeze za mama mkwe. Enalapril na losartan, ambazo watu wengi wenye presha wanazo nyumbani, zinaweza kuharibu figo za mtoto tumboni. Kwa wajawazito tunatumia methyldopa, nifedipine au labetalol, na daktari ndiye anayechagua. Kama ulikuwa na presha kabla ya mimba, usiache dawa kimyakimya. Njoo wiki hii zibadilishwe. Na kama mimba iliyopita ilikuwa na presha, sema siku ya kwanza ya kliniki: kuna aspirini ya dozi ndogo ambayo huanzwa kuanzia wiki ya 12. Ndimu na kitunguu saumu vibaki jikoni.

7. Baada ya kujifungua

Presha huwa juu zaidi kati ya siku ya 3 na ya 6, wakati umesharuhusiwa, nyumba imejaa wageni na uji unachemka. Kichwa kikiuma siku hizo, watu watasema ni uchovu. Pima. Kama mashine uliiazima kwa shangazi, usiirudishe kabla ya wiki sita kuisha.