Mtoto ameshafanyiwa tathmini: jinsi ya kuomba huduma za elimu maalum Kenya

Wazazi wengi hutoka kituo cha EARC (kituo cha serikali cha kutathmini mahitaji ya elimu ya watoto) na ripoti, wakaiweka kabatini wakingoja kuitwa. Usingoje. Ripoti ile ni mapendekezo. Huduma zenyewe lazima uziombe, tena kwa maandishi.

Kabla hujaondoka kituoni, isome pamoja na afisa aliyemtathmini mtoto. Ripoti ieleze wazi mtoto asomee wapi: darasa la kawaida, kitengo maalum ndani ya shule ya kawaida, shule maalum, au nyumbani ikiwa hawezi kabisa kufika shuleni. Halafu ieleze anahitaji nini. "Asaidiwe" haitoshi, kwa sababu kila mtu atalielewa anavyotaka. "Akae mbele, apewe maandishi makubwa, apate tiba ya usemi" ni jambo unaloweza kulifuatilia. Hakikisha kuna sahihi na muhuri, utoe nakala, na ile halisi isitoke mikononi mwako.

Kisha mwandikie mwalimu mkuu. Barua fupi inatosha:

"Mimi ni mzazi wa (jina), Gredi ya 3. Nimeambatisha ripoti ya tathmini. Naomba tukutane na mwalimu wake wa darasa ili tumwandalie mpango wake binafsi wa elimu."

Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kwenye kikao, usiinuke kabla hamjaandika malengo ya muhula, nani atafanya nini, na siku ya kukutana tena. Mtoto akiwa na ulemavu wa akili, uliza pia kuhusu mtaala wa hatua, ambao mwanafunzi hasongi mbele kwa kufuata umri wala gredi.

Kuhusu vifaa kama kiti cha magurudumu au vifaa vya kusikia, hapa ndipo wengi hukwama: ripoti ya EARC si ripoti ya ulemavu. Hiyo ya pili hutolewa na madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, na ndiyo inayomwezesha mtoto kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Akishasajiliwa, unaweza kuliomba baraza hilo vifaa saidizi. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kitambulisho chako.

Mitihani ya KNEC, yaani Baraza la Mitihani la Kitaifa, ina utaratibu wake. Muda wa ziada, karatasi ya Breli au ya maandishi makubwa huombwa na shule wakati wa kusajili watahiniwa, kwa hiyo mkumbushe mwalimu mkuu mapema.

Shule ikikataa kumpokea, omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu katika taasisi zilizojumuishwa na jamii, kadiri inavyolingana na maslahi yake. Peleka jibu hilo kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, na asipokusikiliza, kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti, ukiambatisha ripoti na ile barua yenye muhuri.