SOMO: Mwembe umeangushwa uwani? Usiuze wote kwa wachoma mkaa

Kila kiangazi napigiwa simu ile ile: "Fundi, tumekata mwembe, tuufanyie nini?" Nikifika, gogo limeshalala juani mpaka vichwa vimepasuka, na mchoma mkaa ameshaacha kishika uchumba. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia hili.

Nazungumzia mwembe wa uwani, hapa Tabora. Miembe ya zamani ya njia ya misafara, Kwihara hadi Ujiji, ni kumbukumbu yetu. Hiyo iacheni.

1. Ruhusa. Pita ofisi ya mtaa au kijiji, kisha kwa afisa misitu wa wilaya, kabla ya kukata na kabla ya kusafirisha hata ubao mmoja.

2. Kata kiangazi. Juni hadi Septemba.

3. Kagua vyuma. Mwembe wa uwani umepigiliwa misumari ya kamba za nguo miaka na miaka. Angalia kichwa cha gogo: ukiona doa la bluu iliyokoza hadi nyeusi, humo kuna chuma, hata kama gome limeshakimeza. Mwambie mwenye chensoo kabla hajawasha.

4. Ziba vichwa siku hiyo hiyo. Rangi ya mafuta iliyobaki inatosha, au nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Sisi nta hatukosi.

5. Pasua mapema. Wiki mbili tatu, zisizidi. Mwembe ukilala na gome lake unaingia ukungu, mbao zinatoka na michirizi ya kijivu na bluu, na wadudu wanatoboa. Usiache moyo wa gogo ndani ya ubao, utachanika tu. Sehemu ya katikati itoe nene, iwe nguzo fupi au kigoda.

6. Kukausha. Hapa ndipo mbao za watu wengi zinapofia, kwa hiyo soma taratibu. Panga juu ya matofali, angalau futi moja kutoka ardhini, la sivyo mchwa watafika kabla ya fundi. Matofali yawe usawa mmoja; msingi ukipinda, rundo zima linapinda nao. Kila safu itenganishwe na vijiti vya inchi moja, VIKAVU, vya unene mmoja, kila baada ya futi moja na nusu hivi. Kijiti cha safu ya juu kikae sawasawa juu ya kile cha chini. Kikikaa pembeni, ubao unabonyea pale na haunyooki tena. Kijiti kibichi kinaacha alama nyeusi ambayo randa haiifuti. Juu weka mawe mazito, ziba mvua kwa bati, pembeni acha upepo upite. USIFUNIKE kwa nailoni, utaozesha. USIANIKE juani ukidhani unaharakisha: nje inakauka, ndani bado maji, ubao unapasuka.

Kujua kama umekauka, chagua ubao mmoja mfupi wa rundo hilo hilo, upime mzima kwenye mizani ya duka kila wiki, kisha urudishe mahali pake. Uzito ukiacha kushuka, piga randa.

7. Kazi zake. Meza, rafu, vitanda, makabati, vigoda, miiko. Ni mbao ya ndani. Usiifanye fremu ya mlango wa nje, hiyo kazi ni ya mninga.

MASWALI

Mdau wa Urambo: Fundi mbao zangu nimezianika juu ya bati zikauke haraka. Sasa zinapinda. Shida nini?
Fundi: Hatua ya 6.

Mdau wa Urambo: Nimeisoma lakini mimi nina haraka, mteja anasubiri.
Fundi: Mteja wako atasubiri meza moja sasa, au meza mbili baadaye. Zishushe, zipange kivulini, weka mawe. Zilizokwisha kupasuka kata vipande vifupi.

Mzawa wa Ujiji: Shikamoo fundi. Naweza kuchonga mtumbwi wa mwembe? Na matawi yaliyopinda je?
Fundi: Marahaba mwanangu. Unguja mitumbwi mingi ya kuchonga ni ya mwembe, kwa hiyo inawezekana kabisa. Uchonge ukiwa mbichi, ndipo unapolainika, na usiuache juani ukiwa mtupu. Matawi usiyakatekate kuni: tawi lenye mkunjo wa asili ni taruma (ubavu) la mashua, maana nyuzi za mti zinafuata mkunjo na halivunjiki kirahisi. Wapelekee mafundi mashua wa huko Kigoma wachague wenyewe. Utomvu unawasha, vaa mikono mirefu.

Mama Kuku: Na maranda? Nimwagie kuku bandani?
Fundi: Ndiyo mama, yakiwa makavu. Ya mbao iliyopakwa dawa ya wadudu, hapana.

Mrina Asali, Sikonge: Mbao fupi mimi natengeneza mizinga ya boksi. Ndani napaka nta, nyuki wanaingia wenyewe.
Fundi: Asante kaka, hiyo nzuri. Nje je, unapaka nini?
Mrina Asali, Sikonge: Nta na mafuta ya alizeti, nachemsha pamoja. Oili chafu sigusi, inaharibu asali. Juu navika bati.
Fundi: Nipe vipimo vya mfuniko, nina mabaki mengi hapa karakana.