Kutenganisha maikroplastiki na tope la pwani, hatua kwa hatua

Maikroplastiki ni vipande vya plastiki visivyozidi milimita 5. Kuvipata kwenye mashapo ya pwani si kazi ngumu. Kazi ni kuthibitisha kwamba vimetoka kwenye tope na si kwenye shati lako. Kwa chekeche, mizani, bika na hadubini ya kawaida unaweza kuhesabu chembe za kuanzia kama milimita 0.3, zilizo ndogo zaidi ya hapo macho huzikosea, ziachie maabara kubwa.

Hatua ya 1: Chukua sampuli

Nenda maji yakiwa yamekupwa. Mlangoni mwa mto, plastiki hutuama pale mkondo unapopoa: ndani ya mikoko, kwenye vijito vya pembeni, kwenye tope laini. Ufukweni hujikusanya kwenye mstari wa takataka zinazoachwa na maji kujaa. Ukichota kwenye mstari huo peke yake utapata idadi ya kutisha isiyowakilisha ufukwe mzima, kwa hiyo panga sehemu zako kabla ya kufika.

Pima mraba wa sentimita 50 kwa 50, uchote sentimita 5 za juu kwa kijiko cha chuma, utie kwenye chupa ya kioo. Rudia kwenye miraba mitatu au zaidi. Andika tarehe, hali ya maji, na kama mvua kubwa ilinyesha karibuni, maana mto uliofurika hubadilisha kila kitu.

Vaa pamba, tena yenye rangi kali kama machungwa. Nyuzi zake zikidondokea kwenye sampuli utazitambua papo hapo.

Hatua ya 2: Andaa sampuli tupu

Wengi huiruka hatua hii, na mimi takwimu zisizo nayo siziamini. Ndiyo inayokuonyesha plastiki iliyoingia kutoka kwako, hewani na kwenye vifaa. Chukua bika lisilo na tope, ulipitishe kwenye kila hatua inayofuata: maji yaleyale, chumvi ileile, muda uleule. Pembeni ya meza acha kichujio kilicholowa, wazi, muda wote unaofanya kazi, kinase vumbi la hewani. Maji ya chumvi yachuje kabla ya kuyatumia. Chumvi ya dukani nayo huwa na plastiki.

Hatua ya 3: Jua uzito mkavu

Mchanga ukaushe wote kwenye oveni isiyozidi nyuzi joto 60 za Selsiasi. Tope usilikaushe lote: litakuwa gumu kama tofali, na ukilitwanga utavunja kipande kimoja kuwa kumi. Kausha sehemu tu, upate uwiano. Kama gramu 100 za tope bichi zinabaki 60, basi gramu 200 utakazotumia ni sawa na 120 kavu.

Hatua ya 4: Elesha

Yeyusha gramu 360 hivi za chumvi kwa kila lita ya maji, mpaka nyingine igome kuyeyuka. Densiti itafika kama gramu 1.2 kwa mililita. Mchanga, wenye 2.65, utazama, polietilini, polipropilini na polistirini zitaelea. Tope bichi lina maji yake, ongeza chumvi kidogo.

Tia sampuli kwenye bika lenye maji hayo ya chumvi, koroga dakika mbili, funika kwa foili, acha litulie: mchanga saa moja, tope usiku kucha. Mimina maji ya juu kupitia kichujio, suuza kingo za bika kwa sababu chembe hunata kwenye kioo, kisha rudia mara mbili zaidi.

Sasa, tatizo. PET ya chupa, nyuzi za poliesta na PVC ya mabomba zina densiti kati ya 1.3 na 1.4, na ndizo zinazozama baharini kwa urahisi. Yaani chumvi ya kawaida inakosa hasa plastiki inayotarajiwa kuwa chini. Kloridi ya zinki hufikisha 1.5 na zaidi, lakini inaunguza ngozi na ni sumu kwa viumbe wa majini: vaa glavu na miwani, ichuje uitumie tena, usiimwage kwenye sinki. Vyovyote utakavyochagua, taja kwenye ripoti.

Hatua ya 5: Ondoa mizizi na majani

Vilivyonaswa na kichujio vitie haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30, kidogo kidogo, kwenye chombo kisichozibwa. Hutoa povu kwa nguvu. Joto lisipite nyuzi 60. Asidi kali iache, asidi ya nitriki huyeyusha nailoni.

Hatua ya 6: Tazama na uhesabu

Plastiki huwa na rangi moja, haina seli, na uzi wake una unene uleule mwanzo hadi mwisho. Bonyeza kwa kibano: gamba la kombe hupasuka, plastiki hujikunja. Ukiwa na shaka, gusa kwa ncha ya sindano ya moto. Nyingi hulainika au kujikunyata. Zile ambazo hazijapimwa kwa FTIR au Raman, vipimo vya maabara vinavyotumia mwanga kutambua aina ya plastiki, ziite "zinazodhaniwa".

Kutoa sampuli tupu kufanyike kwa aina. Tuseme umepata nyuzi 18 na vipande 6, na sampuli tupu ina nyuzi 6. Zinabaki nyuzi 12 na vipande 6. Gawa kwa kilo 0.12: nyuzi 100 na vipande 50 kwa kilo ya mashapo makavu. Takwimu za tope na za mchanga usizichanganye kwenye wastani mmoja, na vichujio usivitupe. Vihifadhi kwenye visahani vya kioo ili mwenye kifaa cha Raman aweze kuvipima baadaye.