Hita ya maji ya gesi ikigoma kuwaka

Julai hapa Moshi baridi ni kali, na simu zinaanza alfajiri: "Fundi, hita imegoma, watoto wanakwenda shule."

Fungua bomba la moto, usikilize. Ikitoa tiktiki ya cheche bila kuwaka, gesi haifiki. Washa jiko kwa mtungi huohuo uone kama umeisha. Kimya kabisa? Badilisha betri, zile nene za redio, zote mbili kwa pamoja.

Bado kimya, angalia maji. Hita hizi huwashwa na msukumo wa maji, kwa hiyo simtanki lililo chini mno huleta shida. Chujio nalo huziba. Juzi kule Pasua nilifunga maji, nikafungua nati ya bomba la baridi, nikakuta mchanga na nyuzi za tepu nyeupe. Mswaki mkuukuu ukatosha.

Ila moto ukiwa wa njano badala ya bluu, zima, uite fundi. Hewa yake ya sumu haina harufu na inaua. Ndiyo maana hita ya gesi siifungi ndani ya bafu, hata mteja akinuna. Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua madirisha, usiguse swichi yoyote.